Sukari Haipandi Mguuni: Kuhusu Ateri Zinazoziba kwa Mwenye Kisukari

"Alianza kukatwa kidole, wakarudia nusu ya wayo, mwisho wakakata chini ya goti. Sukari ilikuwa inapanda." Kauli hii utaisikia msibani, kwenye benchi la kliniki, hata dirishani kwa muuza dawa. Anayeisema ameona kwa macho yake, kwa hiyo hasemi uongo. Alichokosea ni sababu. Sukari haitambai mguuni kama mchwa kwenye nguzo. Imo ndani ya damu yote, kuanzia utosini hadi unyayoni. Mara nyingi kinachofanya kisu kirudi mara ya pili na ya tatu ni kwamba palikatwa mahali ambapo damu haifiki, na kabla ya kukata hakuna aliyepima kama inafika.

Damu kutofika mguuni kuna jina na kuna vipimo. Kuna pia matibabu, yakiwahi. Ila kabla ya hayo, kuna neno moja la Kiswahili linalopaswa kuwekwa sawa.

Neno "mishipa" linavyotuchanganya

Lugha yetu inalitumikisha neno "mishipa" kupita kiasi. Waya zinazopeleka hisia kwenye ubongo ni mishipa. Mabomba ya damu ni mishipa. Kano zinazokaza nyuma ya goti, nazo watu huziita mishipa, na kuna "mshipa" ule wa wanaume, yaani ngiri. Daktari akimwambia mgonjwa "una shida ya mishipa ya miguu", kila mtu anatoka chumbani na picha yake.

Hapa tutumie maneno matatu. Neva ni waya za hisia. Ateri ni mabomba yanayoleta damu kutoka moyoni. Vena ni mabomba yanayoirudisha. Mishipa ya kijani iliyovimba na kujikunja kwenye shavu la mguu ni vena, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kisukari huharibu neva, na hapo ndipo panapotoka ganzi, miguu kuwaka moto usiku, na ile hali ya kuhisi kama unakanyaga pamba. Kisukari huharibu ateri pia: ukuta wake hujaa utando wa mafuta, lehemu (kolesteroli) na chokaa, njia ikasinyaa au ikaziba. Huu wa pili ndio ugonjwa wa ateri za miguu. Mtu anaweza kuwa na mmoja, au mwingine, au yote miwili kwa pamoja, na wagonjwa wenye vidonda vya miguu mara nyingi wana yote miwili.

Kuchanganya haya mambo mawili kuna gharama. Mtu anakwenda duka la dawa, anasema miguu inamsumbua, anapewa vidonge vya vitamini B "vya mishipa". Vitamini B humsaidia mtu aliyepungukiwa nayo, mathalani aliyetumia dawa ya sukari iitwayo metfomini miaka mingi, kwa sababu dawa hiyo huweza kupunguza B12 mwilini. Lakini hakuna vitamini inayozibua ateri. Miezi sita ya vidonge hivyo ni miezi sita ambayo bomba limeendelea kuziba.

Nyumba ya mwisho kwenye bomba

Mtaa wenye bomba moja la maji unajulikana. Presha ikipungua, nyumba za mwanzoni bado zinajaza matangi, na nyumba ya mwisho inapata matone. Mwilini, vidole vya miguu ndiyo nyumba ya mwisho.

Kwa mvutaji sigara asiye na kisukari, ateri mara nyingi huziba juu, kwenye nyonga au paja. Kwa mwenye kisukari uharibifu hupenda kukaa chini ya goti, kwenye zile ateri tatu nyembamba zinazoteremka hadi kwenye wayo, na huwa mrefu, mara nyingi miguu yote miwili. Juu ya hapo, chokaa hujijenga ndani ya ukuta wenyewe wa ateri hadi unakakamaa. Likumbuke hilo la kukakamaa, maana litarudi kutuhadaa tukifika kwenye vipimo.

Mwili hauketi tu ukitazama. Barabara kuu ikifungwa, bodaboda hutafuta vichochoro, na damu nayo hufungua vijia vya pembeni kuzunguka palipoziba. Ndiyo maana mtu mwenye ateri iliyosinyaa sana anaweza kuishi miaka bila kujua. Ngozi nzima isiyo na jeraha inahitaji damu kidogo tu ili iendelee kuwa hai. Kidonda ni kitu kingine: kinahitaji damu mara kadhaa zaidi, ilete oksijeni, seli za kupambana na vijidudu, na malighafi ya kujenga nyama mpya. Ni kama familia iliyozoea kuishi kwa ndoo mbili za maji kwa siku, halafu ghafla kuna msiba na wageni mia wamekaa uani. Maji hayakupungua siku hiyo, mahitaji ndiyo yaliyopanda.

Hapo utaelewa kwa nini kiatu kilichobana, ukucha uliokatwa vibaya au mchubuko wa kandambili unaweza kuwa mwanzo wa kukatwa mguu. Mguu ulikuwa tayari kwenye ukingo. Wengine husema amekanyaga uchawi, kwa sababu jana alikuwa mzima na leo kidole ni cheusi. Kidole kilianza safari hiyo zamani, polepole.

Kengele iliyokatwa waya

Vitabu vinaeleza dalili vizuri. Mtu anatembea mita mia kadhaa, shavu la mguu linabana kwa maumivu, anasimama dakika chache, yanaondoka, anaendelea, yanarudi pale pale. Misuli inadai damu ambayo bomba haliwezi kuleta. Ugonjwa ukikomaa, maumivu huja hata akiwa amelala, hasa vidoleni na kwenye wayo, na mgonjwa hugundua mwenyewe kwamba akiuning'iniza mguu kitandani anapata nafuu, kwa kuwa uzito wa damu unaisaidia kushuka. Mzee anayelala kwenye kiti kwa sababu kitandani mguu unauma anatoa taarifa nzito sana, ila nyumbani huchukuliwa kama mambo ya uzee.

Kwa mwenye kisukari kengele hii mara nyingi haipigi. Neva zimekufa ganzi, kwa hiyo misuli inalia bila kusikika. Wengine hawatembei umbali wa kutosha kuamsha maumivu: goti linauma, macho hayaoni vizuri, shughuli zote ziko nyumbani. Matokeo yake, dalili ya kwanza inakuwa kidonda chenyewe, au kidole cheusi. Madaktari wa Dar es Salaam waliwahi kuandika kwenye majarida ya kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa vidole na panya usiku, wakaamka asubuhi na kuona damu kwenye shuka. Hivyo ndivyo ganzi ilivyo. Kutoumwa hakumaanishi usalama.

Joto nalo hudanganya. Watu wanaamini mguu usio na damu lazima uwe wa baridi. Kisukari huharibu pia neva zinazoongoza mishipa midogo ya ngozi, damu ikapita njia za mkato karibu na ngozi, na wayo ukawa wa vuguvugu wakati ndani hali ni mbaya. Mguu wa baridi ni ishara mbaya, lakini mguu wa joto si cheti cha afya.

Ishara nyingine za kuangalia: ngozi ya muundi inayong'aa na kukosa vinyweleo, kucha nene zinazokua polepole, na rangi ya wayo. Mlaze mtu chali, inua miguu yake juu kwa dakika moja au mbili. Wayo ukipauka, kisha akikaa na kuning'iniza miguu ukageuka mwekundu uliokolea au wa zambarau, damu ina shida. Kwa ngozi nyeusi angalia unyayo wenyewe, si juu ya mguu.

Kupima kama damu inafika

Kipimo cha kwanza hakina bei: vidole vya mhudumu. Kuna sehemu mbili za kugusa mapigo. Moja iko juu ya wayo, kando kidogo ya kano inayosimama ukiinua kidole gumba. Nyingine iko nyuma ya kifundo cha ndani. Guso jepesi la vidole viwili, sekunde kumi au zaidi, kila mguu. Kwa baadhi ya watu wazima wenye afya pigo la juu ya wayo halipatikani, lakini yote mawili yakikosekana kwenye mguu mmoja, hapo pana jambo. Mwenye kisukari anastahili kukaguliwa miguu angalau mara moja kwa mwaka, na ukaguzi maana yake soksi zimevuliwa na mapigo yameguswa. Kama umetoka kliniki mwaka mzima bila mtu kukuambia uvue viatu, hujakaguliwa. Na hata mapigo yakipatikana, kama pana kidonda, usiishie hapo.

Kipimo cha pili hulinganisha presha ya mguuni na ya mkononi. Mgonjwa hulala dakika tano hadi kumi, mkanda wa presha hufungwa juu ya kifundo, na kifaa kidogo cha dopla husikiliza damu badala ya masikio. Namba ya juu ya presha ya kifundo hugawanywa kwa namba ya juu ya presha ya mkono. Mkono ukiwa 140 na kifundo 98, jibu ni 0.7. Kawaida ni kati ya 0.9 na 1.3. Chini ya 0.9 ateri zimesinyaa. Chini ya 0.5 hali ni nzito.

Sasa ile hadaa. Kipimo hiki kinategemea mkanda kuibana ateri hadi ifunge. Mpira wa bustani unaubana kwa kidole. Bomba la chuma huliwezi hata ukilikalia. Ateri iliyojaa chokaa ni bomba la chuma. Mkanda unajazwa hadi 210, mkono ni 150, jibu linakuja 1.4, na karatasi inaonekana nzuri kupita kiasi. Mgonjwa anaambiwa damu yake ni safi, kumbe anaweza kuwa na mguu mbaya kuliko wote waliopimwa siku hiyo. Jibu la juu ya 1.3 au 1.4 kwa mwenye kisukari lisomwe kama "kipimo kimeshindwa", na hata jibu lililo kwenye kiwango cha kawaida lisiaminiwe peke yake iwapo kuna kidonda.

Suluhisho ni kupima kwenye kidole gumba, kwa sababu ateri ndogo za vidole mara nyingi haziathiriki na chokaa kiasi hicho. Mkanda mdogo huzungushwa kidoleni. Mgonjwa wetu wa 150 akipata 45 kidoleni, jibu ni 0.3, wakati kawaida ni 0.7 na zaidi. Bomba limesema ukweli. Presha ya kidole ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, au ya kifundo chini ya 50, na mtu ana kidonda, suala hilo ni la daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu kwa haraka, si la kubadilisha bandeji na kurudi wiki ijayo.

Pasipo na mkanda wa kidole, sauti ya dopla inasaidia. Ateri nzuri hutoa mlio wa hatua mbili au tatu, mkali. Iliyoziba hutoa mvumo mmoja mlegevu, kama upepo kwenye mwanya wa dirisha. Ni ujuzi unaofundishika kwa wauguzi, na inashangaza kwamba vituo vyenye dopla ya kusikiliza mtoto tumboni havijafikiria kuishusha hadi mguuni. Kwa mguu wa mtu mzima kipande cha mguso chenye masafa ya juu zaidi, megahezi 8 hivi, hufanya kazi vizuri zaidi, lakini ile ya wajawazito nayo huweza kukamata sauti.

Picha huja baadaye: ultrasaundi ya mishipa, kipimo cha CT chenye dawa ya kung'arisha, au picha inayochukuliwa kwa kupitisha mrija ndani ya ateri yenyewe. Picha inajibu swali la "pameziba wapi", na haina kazi kubwa kama hakuna mpango wa kuzibua. Dawa ya kung'arisha hupita kwenye figo, hivyo kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ipimwe kwanza, na mgonjwa aseme kama anatumia metfomini, kwa sababu figo zikiwa dhaifu husimamishwa kwa muda.

Matibabu: kwanza maisha, kisha mguu

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni hili: mtu mwenye ateri zilizoziba miguuni ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuuawa na moyo au kiharusi kuliko na mguu wenyewe. Bomba lililojaa utando chini mguuni haliwezi kuwa peke yake; ya moyo na ya shingoni yametoka kiwanda kimoja. Kwa hiyo dawa nyingi zinazoandikwa hapa hazilengi mguu tu.

Dawa ya kushusha lehemu, kwa mfano atovastatini miligramu 40 hadi 80 kwa siku, hutolewa hata kama karatasi ya maabara inasema lehemu "iko sawa". Usawa wa mtu mzima wa afya si usawa wa mtu ambaye ateri zake zimeshaharibika. Miongozo ya Ulaya inataka lehemu mbaya ishuke chini ya milimoli 1.4 kwa lita. Dawa ya kuzuia damu kuganda ndani ya ateri ni moja kati ya mbili: klopidogreli miligramu 75, au aspirini ndogo ya miligramu 75 hadi 100. Zote mbili kwa pamoja kwa kawaida hutolewa kwa muda tu baada ya kuzibuliwa, kwa sababu huongeza kutokwa damu. Kuna pia njia ya kuchanganya aspirini na rivaroksabani kiasi kidogo, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, ambayo majaribio yameonyesha hupunguza kukatwa miguu na shambulio la moyo, ila hatari ya kutokwa damu hupanda na bei si ya kila mtu. Aspirini haishushi sukari wala haiyeyushi utando uliokwisha jengeka. Inazuia bonge la damu lisikae juu yake.

Presha ilengwe chini ya 130 kwa 80. Sukari ya miezi mitatu, ile HbA1c, kwa wengi iwe karibu na asilimia 7. Kwa mzee dhaifu anayeanguka sukari ikishuka, 8 inatosha, na kumlazimisha chini ya hapo ni kumtafutia matatizo.

Kuhusu dawa mpya za sukari kuna maneno mengi. Mwaka 2017 jaribio la kanagliflozini, mojawapo ya dawa hizo, lilionyesha kukatwa viungo kukiongezeka, na hofu hiyo ikaenea kwa dawa zote za kundi lake. Majaribio yaliyofuata hayakuonyesha picha hiyo kwa uwazi, na mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa onyo lake kali. Dawa za kundi hilo zina faida kubwa kwa moyo na figo. Busara iliyobaki ni kutozianza wakati mguu una kidonda kibichi au umeoza. Semaglutidi, sindano ya kila wiki, kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2025 iliwaongezea wagonjwa wa ateri umbali wa kutembea, si kwa mengi, bali kwa kiasi walichokihisi.

Hayo yote hayafiki mbali kama sigara inaendelea. Shisha, kiko na ugoro navyo vina nikotini, na nikotini hubana mabomba ambayo tayari ni membamba. Kati ya kila kitu kwenye orodha hii, kuacha tumbaku ndiko kwenye faida kubwa kwa gharama ndogo, ingawa "ndogo" ni neno la mtu asiyewahi kuvuta.

Kisha kuna kutembea, ambako watu hudhani ni ushauri wa kumfukuza mgonjwa. Kutembea kwa mpango hufungua vichochoro na kuifunza misuli kutumia vizuri damu ndogo inayopata. Tembea hadi maumivu ya shavu la mguu yawe makali kiasi, simama hadi yaishe kabisa, endelea. Jumla ya dakika 30 kwanza, ukipanda hadi 45, mara tatu au zaidi kwa wiki, kwa wiki 12 zisizokatizwa. Wanaoacha wiki ya nne husema haifanyi kazi. Faida ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Maumivu hayo hayaharibu misuli. Ila kama una kidonda chini ya wayo, au maumivu ukiwa umelala, usitembee kwa mazoezi. Kila hatua juu ya kidonda ni kukiponda upya.

Kuzibua kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya tundu dogo: waya hupitishwa kupitia kinena, puto dogo hupanuliwa penye mbano, wakati mwingine wavu huachwa ndani kushikilia. Ya pili ni upasuaji wa kuunganisha njia mpya, kwa kawaida kwa kutumia vena ya mgonjwa mwenyewe iliyotolewa mguuni. Ipi bora? Majaribio mawili makubwa, moja la mwaka 2022 lililoongozwa na Marekani na jingine la 2023 lililoongozwa na Uingereza, yalitoa majibu yanayopishana: la kwanza liliipendelea vena kwa wenye vena nzuri, la pili lilipendelea puto kwa ateri za chini ya goti. Uamuzi basi unategemea mtu: vena zake, moyo wake, na mikono iliyopo hospitalini. Ateri iliyozibuliwa huweza kusinyaa tena ndani ya miezi, kwa hiyo kinachotafutwa ni dirisha la muda ambalo kidonda kitapata damu ya kutosha kufunga. Kama kidonda kimetunzwa vizuri wiki nne hadi sita bila kusogea, swali la ateri lirudi mezani hata kama vipimo vya kwanza vilionekana vizuri.

Mambo ya nyumbani yanayoharibu mguu

Kukanda kwa maji ya moto ndiyo hatari inayofanywa kwa upendo mkubwa zaidi. Mama anaona mguu wa mzee ni wa baridi, anachemsha maji na chumvi. Mzee hana hisia, kwa hiyo hasemi "yanachoma". Na hata pasipo kuungua, joto huifanya nyama idai oksijeni zaidi, wakati bomba halina cha kuongeza. Maji ya kuoshea yawe chini ya nyuzi 37, yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwenye hisia, na miguu isilowekwe. Chupa ya maji moto kitandani na jiko la mkaa miguuni ni hivyo hivyo; soksi za pamba zinatosha.

Soksi za kubana ni mtego mwingine. Mguu umevimba, mtu anashauriwa soksi za vena. Kwenye mguu ambao damu inaingia kwa shida, kuubana ni kuimalizia njia. Mapigo na presha ya kifundo vipimwe kwanza.

Kumwaga unga wa vidonge vya rangi mbili kwenye kidonda hutengeneza gamba juu na usaha chini. Antibayotiki ya kumeza nayo ina kikwazo chake: husafiri kwa damu, na pasipofika damu, dawa haifiki. Ukiona mtu amemaliza dozi ya tatu na kidonda hakijabadilika, usiulize dawa kali zaidi ni ipi. Uliza kama damu inafika.

Kwa kinga ya kila siku: kagua miguu kila jioni kwenye mwanga, chini na katikati ya vidole, kwa kioo au kwa macho ya mjukuu. Paka mafuta, ila si katikati ya vidole. Anayetawadha mara tano kwa siku akaushe kila mwanya kwa kitambaa, maana unyevu unaobaki hulainisha ngozi hadi ikapasuka, na wakati wa adhuhuri akumbuke kwamba sakafu ya uani iliyopigwa na jua inaweza kumuunguza bila yeye kujua. Kiatu kinunuliwe jioni miguu ikiwa imejaa, kizidi kidole kirefu kwa sentimita moja hadi mbili, na kikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kandambili na malapa ya kamba katikati ya vidole hayafai. Sugu isikatwe kwa wembe nyumbani, wala kwa fundi wa kucha wa barabarani.

Jeraha lolote la mguu kwa mwenye kisukari lionekane na mtaalamu ndani ya siku moja. Yapo yasiyongoja hata hiyo: mguu uliogeuka ghafla kuwa wa baridi, uliopauka na wenye maumivu makali au kushindwa kusogea, kwa sababu misuli huanza kufa ndani ya saa sita hivi, na mguu wenye harufu, unyevu, malengelenge meusi, homa au wekundu unaopanda. Uozo mkavu, kidole cheusi kilichokauka kama dagaa, humpa daktari muda wa kupanga. Uozo wenye majimaji haumpi.

Pale ambapo kukata hakuepukiki

Kuna wakati kukata ndiko kunakookoa maisha, na kumzuia mgonjwa kwa siku tatu za kikao cha ukoo kumewaua watu wengi. "Ukikatwa utakufa" husemwa kwa sababu waliokatwa wengi kweli hufa mapema: walifika wakiwa na sumu ya uozo damuni, au mioyo yao ina ateri zile zile. Kisu hakikuwa chanzo.

Familia ina haki ya kuuliza maswali machache kabla ya kutia saini. Presha ya kidole au ya kifundo ni kiasi gani? Daktari wa mishipa ya damu ameona? Pakizibuliwa kwanza, je, panaweza kukatwa chini zaidi? Na pale panapokatwa, damu inatosha kuponya? Uozo wenye majimaji unaweza kudai kukatwa usiku huo huo ili kutoa sumu, na hapo kuzibua kunafuata ndani ya siku chache. Lakini kidole kikavu kisicho na homa hakina sababu ya kukatwa bila majibu hayo. Kikikatwa kwenye wayo usio na damu, jeraha la kisu linageuka kidonda kipya kikubwa kuliko kile cha kwanza, halafu nusu ya wayo, halafu chini ya goti. Hiyo ndiyo "sukari inayopanda".

Baada ya upasuaji macho yote huelekea kwenye kigutu, na mguu uliobaki unasahaulika. Ilhali mguu huo ndio unaobeba mwili wote, na ateri zake hazina tofauti na za mwenzake. Mgonjwa akiwa bado wodini, kisigino chake kimekaa juu ya godoro saa ishirini kwa siku, bila hisia na bila damu ya kutosha. Wekeni mto chini ya shavu la mguu, si chini ya kisigino, ili kisigino kibaki kinaelea, na kikaguliwe asubuhi na jioni.